Usomaji wa kasi (mbio za farasi)

Usomaji wa kasi ni ufundi wa kukadiria nani atashinda shindano kubwa la farasi kwa kutazama mambo mawili: kasi itakavyogawanyika tangu getini hadi mwisho, na namna kila farasi alivyokimbia katika mashindano ya kujipima yaliyotangulia. Maniema ya kusini, nchini Kongo, haina uwanja wa mbio hizi. Katika njia ya kale ya Ujiji, Kabambare na Kasongo, mizigo ilipanda mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa mbung'o hueneza nagana na farasi hadumu. Kwa msomaji wa huko, mfano wa karibu ni Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954.

Farasi hutofautiana kwa tabia. Yuko apendaye kuongoza, yuko amfuataye kiongozi kwa karibu, na yuko akaaye mkiani akavizia mwisho. Kiongozi asiye na mshindani hupunguza mwendo atakavyo na kubakiza pumzi. Wakiwa watatu wanaogombea mbele, huchoshana, na faida humwendea wa mkiani. Kwa hiyo swali la kwanza si nani mwenye mbio zaidi, bali ni wangapi wanaoitaka nafasi moja.

Kentucky Derby ya Marekani, ya mita 2012 hivi, inalionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2022 robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, ambayo haijawahi kuwa na mfano katika shindano hilo, na nusu maili kwa 45.36. Viongozi waliishiwa. Aliyeshinda ni Rich Strike, aliyekuwa nyuma sana, wa dau la 80 kwa 1, tena aliyepata nafasi siku moja kabla baada ya mwingine kuondolewa. Miaka 20 kabla ya hapo, katika shindano hilohilo, farasi War Emblem aliachwa aongoze bila bughudha. Nusu maili ilichukua sekunde 47.04, na hakuna aliyemfikia. Kwa makadirio ya kawaida, sekunde moja ni kama urefu wa farasi watano, ingawa hali ya uwanja hubadilika mwaka hadi mwaka na namba hizi zisilinganishwe kwa pupa.

Mashindano ya kujipima ndiyo huwapoteza wengi, kwa sababu watu husoma nafasi tu. Kenya, farasi wa miaka mitatu hupitia Guineas ya mita 1600 kabla ya Derby ya mita 2400. Aliyeshinda Guineas akiwa peke yake mbele hajajibu swali la mita 800 zilizobaki. Wa tatu aliyekuwa akizidi kuwakaribia wenzake mwishoni amelijibu zaidi. Ngong iko juu ya mita 1700 kutoka usawa wa bahari, na pumzi ni mtaji. Mkufunzi naye huenda alitaka mazoezi tu, si kombe.

Mfano ni farasi Secretariat, aliyekuwa wa tatu katika shindano la kujipima la Wood Memorial mwaka 1973, akiwa na jipu mdomoni. Wiki mbili baadaye alishinda Kentucky Derby, kila robo maili akiikimbia kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia. Muda wake, dakika 1 na sekunde 59.4, ungali rekodi ya shindano hilo.