Gita na Mwenye Gita Katika Mji wa Dar es Salaam

Wazee wa pwani walipotaja kinanda hawakuwa na maana ya sanduku lenye vibao vyeusi na vyeupe tulijualo sisi. Kinanda kwao kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi na udi. Neno hilo limehama chombo kama mpangaji ahamavyo nyumba, na mahali pake pameingia neno la kigeni, gita, ambalo wengine huliandika gitaa. Sitashughulika na nasaba ya neno. Ninalokusudia ni kutazama jinsi chombo chenyewe kilivyoingia katika dansi la Dar es Salaam, na kuuliza swali ambalo wapenda dansi aghalabu hawaliulizi: gita lile lilikuwa mali ya nani?

Dansi halikuanza na gita. Mji ulikuwa umekwisha kuzoea beni, ngoma ya matarumbeta na gwaride, kabla ya vijana kujifunza kukumbatiana kizungu katika kumbi. Dar es Salaam Jazz ilipoundwa mwaka 1932 iliurithi mji wenye masikio ya shaba. Kisha zikaja santuri za Kuba, zile zenye alama ya GV, zikawafundisha watu rumba. Na zikawafundisha pia kwamba nyuzi zaweza kuongoza na shaba ikafuata. Western Jazz ya mwaka 1959 ilikusanya watu wa jimbo la magharibi waliohamia mjini, na Kilwa Jazz nayo ilijulisha asili yake kwa jina lake. Vilikuwa vyama vya watu hasa, kwa maana kwamba mtu alijivunia bendi ya kwao kama ajivuniavyo timu ya mpira.

Kando ya bendi alikuwako mpiga gita wa peke yake. Mfano wake mkubwa hakuwa mtu wa Dar es Salaam bali wa Katanga: Mwenda Jean Bosco, ambaye sauti yake ilinaswa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, akiimba Kiswahili cha kwao katika wimbo wa Masanga. Bosco alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilishika nyuzi nene na kuweka mwendo. Shahada ilizungumza juu yake. Asikilizaye bila kuona huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtu wa namna hiyo hakumhitaji bwana. Gita lake la mbao alilichukua begani, akalipiga barazani, arusini au kilabuni, na jioni akarudi nalo nyumbani. Hata asiyekuwa na fedha za gita la dukani aliweza kujitengenezea la debe na ubao, na uzi akautoa katika waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

Umeme ndio uliobadili mambo. Nionavyo mimi, hapa ndipo penye kiini cha historia yote, wala si katika mitindo ya kucheza, ambayo waandishi wengi huipenda kupita kiasi. Kazi iliyofanywa na vidole viwili vya Bosco iligawanywa kwa watu watatu au wanne. Besi ilichukua kazi ya gumba. Rithim ilijaza katikati. Solo ilichukua maneno ya shahada, na mara nyingi ikapewa mwenzake, solo ya pili, wajibizane kama wapokezanao methali. Wimbo ulianza taratibu ili maneno ya mwimbaji yasikike. Kisha ukafika mahali paitwapo chemko, mwimbaji akapungua, magita yakapanda, na wachezaji waliokuwa wakisogea kwa adabu wakaanza kutoka jasho. Uzuri huo haukupata kuwako kabla ya umeme. Lakini gita la umeme bila amplifaya na spika ni ubao mkimya. Kibarua wa bandarini aliweza kununua gita la mbao. Hakuweza kununua vyombo vya bendi. Tangu hapo akahitajika mtu wa tatu baina ya mpigaji na gita lake, naye akapewa jina linalojieleza lenyewe: mwenye vyombo.

Mwenye vyombo wa kwanza aliye mkubwa alikuwa chama cha wafanyakazi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Majeshi, polisi na mashirika yakafuata mfano huo. Si haki kuubeza mpango huu, kwa maana ulimpa mpiga gita heshima ambayo wazazi wengi walimnyima, wakimhesabu kuwa mhuni. Hata hivyo, mshahara ulikuwa wa mtu na gita lilikuwa la ofisi. Ahamaye aliondoka na vidole vyake tu. NUTA Jazz ilibadili jina ikawa Juwata na baadaye OTTU, kwa kadiri chama chenyewe kilivyobadilika. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na njia ya kwenda kwenye viwanda vya santuri vya Nairobi ikakatika; studio ya Radio Tanzania ikabaki kuwa tegemeo. Katika miaka ya dhiki iliyofuata, aliyekatikiwa na uzi hakuwa na hakika ya kupata mwingine dukani.

Kuhama kwa wapigaji kulieleza udhaifu wa mpango. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa walioiacha Juwata wakaanzisha Mlimani Park chini ya shirika la teksi. Humo alikuwamo Michael Enoch, mkongwe wa Dar es Salaam Jazz, aliyelijua gita na vyombo vya kupuliza pia. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Safari Sound, akawavuta watu sita wa nguzo, Gurumo na Hassan Bitchuka wakiwamo, ikazaliwa Ndekule. Washabiki waliliona jambo hilo kuwa usaliti. Mimi naliona kuwa biashara ya kawaida: mtu asiyemiliki chombo huuza alichobaki nacho, na alichobaki nacho ni ufundi.

Mbaraka Mwinshehe alitafuta njia nyingine. Aliicharaza solo ya Morogoro Jazz mpaka jina lake likaizidi bendi, na mwaka 1973 akajitenga na kuunda Super Volcano. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji kwa pamoja, jambo lililo adimu. Ajali ya gari huko Mombasa ilimwua Januari 1979, kabla hatujajua kama njia ile ingefika mbali.

Nakaa Mbweni, kilomita zaidi ya 20 kutoka Kinondoni, na usiku wa Jumamosi upepo wa bahari hutuletea muziki wa arusi. Siku hizi ni muziki wa mashine. Gita limo, lakini limetoka katika kompyuta, wala hakuna mtu wa kulipwa kwa ajili yake. Hili lanirudisha kwenye jambo la haki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, nayo yamtambua pia mpigaji. Lakini katika mazoea yetu mtunzi ni mwenye maneno. Solo iliyobuniwa usiku mmoja mazoezini, ambayo pengine ndiyo iliyouuza wimbo, huhesabiwa kuwa pambo tu.

Pale Sinza, iliyokuwa zamani katika wilaya ya Kinondoni, kiko kituo cha basi kiitwacho Kwa Remmy, kwa heshima ya Remmy Ongala, aliyetoka Kongo mwaka 1978, akaifikisha Super Matimila hata Ulaya, na kufariki Desemba 2010. Heshima hiyo aliistahili. Solo katika bendi ile aliipiga Batii Osenga. Abiria wanaoshuka kituoni hapo huweza kuiimba kwa midomo, sauti kwa sauti, bila kulijua jina la aliyeipiga.