Hamu ya Nyumba ya Utotoni

Hamu ya nyumba ya utotoni ni hali ya moyo kurejea pale mtu alipokulia, kwa furaha na huzuni kwa pamoja. Haitegemei uzuri wa nyumba: aliyelelewa katika chumba kimoja cha kupanga huweza kukililia kuliko aliyekulia ghorofani anavyolililia ghorofa lake.

Huko Ulaya ilianza kuandikwa kama ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi, alitoa tasnifu juu ya watu waliokonda na kukosa usingizi kwa kuwa mbali na kwao. Tiba aliyoiamini zaidi ni kuwarudisha. Baadaye daktari wa Kiswisi, Johann Jakob Scheuchzer, akadai kwamba Waswisi, waliozoea hewa nyepesi ya milimani, hulemewa na hewa nzito ya nchi tambarare. Nadharia hiyo ilikwishazikwa. Wanasaikolojia wa leo, wakiwamo Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, huihesabu hamu hii kuwa hisia ya kawaida, tena inayomliwaza mpweke.

Harufu huiamsha upesi, kwa sababu taarifa za pua zina njia fupi hadi sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Macho ni shahidi dhaifu zaidi. Anayerudi ukubwani hukuta ukumbi umekuwa mwembamba na dari imeshuka, maana aliupima kwa mwili wa mtoto.

Jinsi nyumba inavyoingia moyoni huonekana vizuri katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya Kariakoo, Ilala na Magomeni. Ukumbi hupita katikati, vyumba viko huku na huku, baraza liko mbele, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Wapangaji waliotoka mikoa mbalimbali walishiriki ua mmoja, na mtoto aliweza kukanywa, kulishwa au kutumwa dukani na mama yeyote aliyekuwapo. Basi ukimuuliza aliyekulia humo, ataanza na watu: vitumbua vya mama wa chumba cha nyuma, kelele za bao barazani, ugomvi wa zamu ya bafu. Kuta atazitaja mwisho, kama atazitaja. Kariakoo nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa kupisha maghorofa, lakini hamu yake haikubomoka nazo.

Vijijini jambo hili ni la zamani zaidi. Nyumba ya miti na udongo ikiachwa, haikawii kurudi ardhini. Hubaki miembe na makaburi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilipowahamisha mamilioni ya Watanzania, wengi waliacha mahame ya aina hiyo. Mtu akisema kitovu chake kimezikwa pale, hadai jengo. Anadai ardhi na waliolala ndani yake.

Hamu hii hugeuka kesi nyumba inapokuwa ya urithi. Aghalabu anayekataa katakata isiuzwe ni yule anayeishi mbali, Muscat au London. Aliyebaki ndani, anayeziba bati linalovuja na kulipa kodi ya jengo, ndiye anayemtafuta mnunuzi. Mmoja anaitetea nyumba ya mwaka alioondoka, mwingine anaishi katika ya leo, na kikao cha familia huwa kinajadili nyumba mbili bila kujua.