Mzabibu wa Dodoma
Tangu zamani twaijua nchi ya Ugogo kwa ukame, mifugo na mtama. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana ili wapate divai ya ibada. Kutoka misheni ile mzabibu ukaenea mashambani mwa wananchi, na leo Dodoma ndiyo kitovu cha zabibu nchini Tanzania.

Tabia ya mvinyo wake yatokana na nchi yenyewe. Jua kali huzidisha sukari katika tunda. Tena, kwa kuwa hapana majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kuupogoa, akavuna mara mbili kwa mwaka.

Lakini zabibu si mtama. Mtama hutiwa ghalani ukamngoja mnunuzi. Zabibu iliyoiva haingoji. Kampuni ya umma ya DOWICO ilipodhoofika katika miaka ya 1990, wakulima walikosa pa kuuza, na wengine wakayatupa mashamba yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha CETAWICO kilianzishwa Hombolo, na tumaini likarejea.

Wahenga walinena: mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa Dodoma amekwisha kuchuma juani. Kivuli chake ni mtambo wa kukamua ulio karibu na shamba lake. Tukiusifu mvinyo bila kumjengea kivuli hicho, tutakuwa tumeisifu chupa na kumsahau aliyepanda.