Nyundo: Maji ya mlimani na hewa ya ndani, anayejenga nyumba mpya anatakiwa kufanya nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika, na wakazi wa Tarafa za Nyundo, Rugerero na Kanama wilayani Rubavu wakaamshwa na maji yaliyokwisha kuingia nyumbani. Katika maafa ya usiku huo watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini, na nyumba zaidi ya elfu tano zikabomoka. Wengi wa waliopoteza makazi wamejenga upya au wangali wanajenga. Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo kanuni za ujenzi na za afya ya jamii huyaangalia katika nyumba mpya, nayo ni njia ya maji kutoka na njia ya hewa kuingia.

Msingi wa kisheria ni Sheria nambari 10/2012 kuhusu mipango miji na ujenzi, pamoja na kanuni za ujenzi zilizotolewa mwaka 2015 na kupitiwa upya mwaka 2019. Sheria hiyo inataka kibali kipatikane kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kibali huombwa wilayani, na mchoro unaopelekwa hauna budi kuonyesha maji ya mvua na maji machafu yatakwenda wapi. Watu wengi huona sehemu hiyo ya mchoro kuwa ni urembo wa fundi. Kwa mahali kama Nyundo, ambako nyumba hupangana kwenye mteremko, moja juu ya nyingine, hiyo ndiyo sehemu inayomhusu jirani.

Hesabu yake ni rahisi. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 40 hukusanya lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita ishirini, tena kwa mvua moja tu ya Aprili. Paa lisipokuwa na mifereji, maji hayo huanguka kando ya ukuta, hulainisha udongo wa msingi, kisha huteremka kwenye uwanja wa aliye chini. Nyumba thelathini za namna hiyo juu ya kilima kimoja humwaga lita 72,000. Ndiyo maana maofisa husisitiza mifereji ya paa na tangi. Lakini tangi la lita 1,000 chini ya paa hilo hujaa mvua ikifikisha milimita 17. Basi lazima liwe na bomba la kutolea maji yanayozidi, na bomba hilo liishie kwenye mfereji uliojengwa, ule tunaouita ruhurura ukiwa mkubwa, si kwenye njia ya miguu. Mwandishi wa makala haya ameona matangi mazuri yenye bomba la kuzidia lililoelekezwa moja kwa moja kwenye ukuta wa jirani.

Mfereji ukiisha kujengwa, huhitaji kuzibuliwa. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufanya sehemu ya kazi hiyo katika mifereji ya pamoja. Ule ulio ndani ya uwanja wako ni jukumu lako.

Kuhusu umbali kutoka mtoni, kipimo kinachojulikana ni mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ziwani. Huo ni mpaka wa chini. Mwaka 2023 maji ya Sebeya yalizifikia nyumba ambazo wenyewe waliamini ziko mbali, na familia zilizokuwa kando kabisa ya mto zikatakiwa kuhama. Anayenunua kiwanja bondeni na aulize kwanza kama eneo hilo limetajwa kuwa la hatari. Swali hilo haligharimu kitu likiulizwa kabla ya kulipa.

Matofali mabichi ya udongo, yaani rukarakara, yanaruhusiwa kwa nyumba za kuishi zisizo za ghorofa ikiwa masharti yake yamefuatwa. Adui wa tofali hilo ni maji yanayotoka chini na yanayorukia ukuta. Msingi wa mawe uliopanda juu ya usawa wa ardhi, paa lililotokeza nje ya ukuta na lipu isiyo na nyufa ndivyo vinavyoamua kama nyumba itasimama baada ya masika kadhaa.

Maji machafu yana hesabu nyingine. Shimo la choo au fosi lazima liwe mbali na kisima au chemchemi, na upande wa chini wa mteremko. Udongo nao una kauli yake. Wazee wa Rubavu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma, ng'ambo ya mpaka. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, kuchimba vyoo kulikuwa karibu muhali, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu katika muda wa wiki chache. Penye udongo wa mfinyanzi tatizo hugeuka: kuchimba ni rahisi, lakini maji hunywea polepole, na shimo dogo hufurika msimu wa mvua. Afadhali kulipima shimo kwa mwezi wa Aprili kuliko kwa mwezi wa Julai.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa kinaonyesha jinsi maji machafu na hewa yasivyotengana. Kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na inzi, ambao hufuata mwanga, hupanda bombani na kunaswa na wavu uliofungwa juu. Bomba lisipokuwa na wavu, au ndani ya choo kukiwa na mwanga mwingi, ufundi wote huo haufanyi kazi.

Sasa hewa ya ndani. Usiku wa Nyundo una baridi, na baridi huwafanya watu wazibe matundu ya hewa kwa matambara na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Aliyelala huivuta bila kuamka. Chumba cha kulala kinahitaji dirisha linalofunguka nje na matundu ya kudumu karibu na dari. Dirisha jingine ukutani mkabala huifanya hewa ipite. Kanuni za Uingereza za karne ya 19 zilitaka dirisha liwe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu yake iweze kufunguliwa. Kwa chumba cha mita tatu kwa tatu, hiyo ni mita ya mraba 0.9. Kipimo hicho ni cha kukusaidia kukadiria. Kinachokufunga ni mchoro uliokubaliwa wilayani. Wavu wa mbu dirishani hupunguza upepo kidogo, ila hukuwezesha kuliacha wazi usiku. Jiko ni bora liwe nje ya nyumba au liwe na bomba la moshi.

Kwa wanaoteremka kujenga karibu na mjini Gisenyi kuna jambo la ziada. Kwenye ardhi ya volkano kaskazini mwa Ziwa Kivu, kuelekea Goma, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo tundu la karibu na dari haliwezi kuiondoa. Mahali ambapo mbuzi au kuku hukutwa wamekufa asubuhi bila jeraha, usichimbe chumba cha chini wala usilaze mtoto sakafuni, na mpe habari kiongozi wa kijiji kabla fundi hajaanza kuchimba msingi.