Kifungu cha Kumi na Saba: Lugha na Taasubi katika Mapatano ya Ethiopia na Italia, 1889-1896

Mkataba wa Wuchale husimuliwa mara nyingi kama kisa cha tafsiri mbovu. Katika makala haya tunashikilia kwamba tafsiri ilikuwa dalili tu. Maradhi yenyewe yalikuwa taasubi.

Mkataba huo, baina ya Menelik na Count Pietro Antonelli, ulitiwa sahihi tarehe 2 Mei 1889. Kifungu cha 17, kwa Kiamhara, chasema kwamba mfalme wa Ethiopia anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kiitalia, anaridhia kuitumia. Kwa kitenzi hicho kimoja Roma iliyatangazia mataifa ya Ulaya, Oktoba mwaka uo huo, kwamba Ethiopia i chini ya himaya yake. Menelik alipowaandikia watawala wa Ulaya, Uingereza na Ujerumani zilimjibu kwamba mawasiliano yake yapitie Italia. Yafaa ikumbukwe kwamba kifungu cha 19 kilizifanya nakala zote mbili kuwa rasmi. Hata hivyo Kiamhara kilichukuliwa kama pambo.

Je, kosa lilikusudiwa? Sven Rubenson na Carlo Giglio walijadiliana sana juu ya swali hili katika miaka ya 1960. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi ni lililotukia baadaye. Antonelli aliporudi, 1890-91, nafasi ya kusahihisha ilikuwapo. Alishikilia kwamba heshima ya Italia haikuruhusu kukiri kosa mbele ya mataifa. Malkia Taytu akamkumbusha kwamba Ethiopia nayo ina heshima yake. Kumbe mjumbe huyo hakuwa amelifikiria hilo! Mazungumzo yalivunjika, Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, na vita vikaamua huko Adwa tarehe 1 Machi 1896.

Mkataba wa amani wa Addis Ababa, wa tarehe 26 Oktoba 1896, uliufuta ule wa Wuchale na kuutambua uhuru kamili wa Ethiopia. Uliandikwa kwa Kiamhara na Kifaransa. Kiitalia hakikuwamo.

Lakini taasubi haikuwa ya upande mmoja. Mateka wa Kiitalia walitunzwa, wakarejeshwa kwao. Askari wa Eritrea waliopigana chini ya bendera ya Italia walihesabiwa wasaliti, na wengi wao walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Amani ilipofanywa, nchi yao ilibaki mikononi mwa Italia, na mpaka ukaachwa uamuliwe baadaye. Wengi katika nchi hiyo walisema Kitigrinya, lugha ambayo mkataba haukuandikwa kwayo.