Kinu kilichoulizwa swali kikajibu kwa barua: kisa cha Davis-Besse

Kila mara mjadala wa nyuklia ukirudi kwenye siasa zetu, mambo huenda vile vile. Mmoja anapanda jukwaani na kusema tutapata stima ya kutosha, na msiwe na wasiwasi, kutakuwa na mamlaka huru ya kukagua kila kitu. Mwingine anamjibu kwa neno moja: Chernobyl. Basi, mjadala umeisha, kila mtu anaenda nyumbani na msimamo wake. Watu wa Uyombo kule Kilifi waliyasikia haya kabla ya kuandamana 2024, na sasa wenzao wa Siaya, kando ya Ziwa Victoria, wanayasikia pia.

Leo naiacha Chernobyl kando. Nataka tuzungumzie kinu ambacho hakikulipuka, hakikuua mtu, na ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia. Nakichagua kwa sababu kinagusa lile neno "mamlaka huru" ambalo kila upande hulipitia haraka. Mkaguzi akiuliza swali, na kinu kikajibu kwa barua nzuri yenye nembo na sahihi, halafu barua yenyewe si kweli, nini hutokea?

Kinu kinaitwa Davis-Besse. Kiko jimbo la Ohio, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Erie, si mbali na mji wa Toledo. Kilianza kuuza umeme 1978, uwezo wake megawati 900 hivi.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe, maana bila hapo kisa hakieleweki. Fikiria ile sufuria ya presha ya kupikia maharagwe, lakini ya chuma kinene na kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Ndani fueli ya urani inapasha maji moto hadi nyuzi 300 hivi, na maji hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa presha zaidi ya mara 140 ya hewa tunayovuta. Juu kuna kifuniko kilichofungwa kwa bolti. Kwenye kifuniko hicho kuna mirija 69, na ndani ya karibu yote hupita fimbo za kudhibiti, zile zinazozima moto wa nyuklia zikiteremshwa.

Maji hayo yametiwa boroni, na hapo ndipo shida inaanza. Yakivuja, maji yenyewe hugeuka mvuke yakaenda, yakaacha unga mweupe kama chumvi. Unga ukikaa mkavu hauna neno kubwa. Ukilowa, ni asidi, na asidi hiyo hula chuma cha kawaida. Sufuria ya Davis-Besse kwa ndani imepakwa ngozi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu. Nje ya ngozi hiyo, kile chuma kinene cha zaidi ya sentimita 15 kinachobeba presha yote, ni chuma cha kawaida.

Kwamba mirija ya aina hii hupasuka ilijulikana mapema. Wafaransa waliona ufa kwenye kinu chao cha Bugey 1991. Halafu mwanzoni mwa 2001, kinu cha Oconee kule South Carolina, kilichoundwa na kampuni ile ile iliyounda Davis-Besse, kikakutwa na nyufa zinazouzunguka mrija kama pete. Huu ulikuwa ubaya wa aina mpya. Ufa wa urefu huvuja. Ufa wa kuzunguka unaweza kuukata mrija mzima, presha ikaurusha kama risasi, na maji yakamwagika.

Kwa hiyo tarehe 3 Agosti 2001, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, ikaviandikia barua vinu vyote vya aina hiyo. Tuambieni mmekagua vifuniko vyenu vipi. Na nyinyi mlio kwenye kundi la hatari zaidi, kagueni kabla ya tarehe 31 Desemba, ama mtupe sababu ya kutosha ya kusubiri. Davis-Besse kilikuwa kwenye kundi hilo la hatari.

Sasa, kukagua maana yake ni kuzima. Kuzima kinu cha megawati 900 ni kununua umeme kwa wengine kila siku huku wafanyakazi wako wakiendelea kulipwa. Kampuni ilikuwa tayari imepanga kuzima tarehe 31 Machi 2002 ili kubadilisha fueli. Ikaomba isubiri hadi siku hiyo. Barua za majibu zilianza kwenda Septemba, na hoja yake ilikuwa rahisi: tumekagua kifuniko 1996, 1998 na 2000, na hatukuona dalili ya mirija kuvuja.

Ebu tuingie ndani ya kinu tuone ukweli ulikuwaje wakati barua hizo zinaandikwa.

Kifuniko kilikuwa kimefunikwa na marundo ya ule unga wa boroni yaliyoganda, na sehemu nzima ya juu haikuonekana. Walikuwa wanachungulia kupitia vitundu vidogo vya pembeni, ambavyo wenyewe walivibandika jina la mashimo ya panya. Wazo la kukata madirisha makubwa zaidi ili watu waone na kusafisha lilikuwa limeshapendekezwa, likaahirishwa, likapendekezwa tena, likaahirishwa tena, miaka ya 1990 yote. Aprili 2000 picha ilipigwa: unga umebadilika kuwa mwekundu wa kutu, umeteremka kutoka kwenye vile vitundu kama uji uliofurika. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na bati la zamani anajua rangi ile inasema nini. Mwaka huo huo wakawasha kinu.

Kuna na vichujio. Ndani ya jengo la kinu kuna mashine inayonusa hewa kutafuta mionzi, na ina vichujio vyake. Zamani vilibadilishwa kama mara moja kwa mwezi. Kufikia mwishoni mwa 2001 vilikuwa vinaziba kila baada ya siku mbili hivi, na kilichoviziba kilikuwa na kutu. Vipoza hewa navyo vilikuwa vinashika unga, vinasafishwa, vinashika tena. Kutu inatoka wapi hewani? Swali hilo lilikuwepo pale kinuni. Jibu lililopatikana likawa kubadilisha vichujio.

Hapa wengi watasema: hao ni wezi wa kampuni, mkaguzi alidanganywa. Ni kweli alidanganywa. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemwachia mkaguzi kirahisi sana.

NRC ina wakaguzi wanaoketi kwenye kinu chenyewe, hawaji kwa ndege mara moja kwa mwaka. Dalili hizo zilikuwa karibu nao. Isitoshe, Novemba 2001 maofisa wa NRC walikuwa wameshaandaa rasimu ya amri ya kukifunga kinu kwa nguvu. Rasimu ilikuwepo, kwenye karatasi. Haikutumwa. Wakakaa na kampuni wakakutana katikati: mzime tarehe 16 Februari 2002. Si Desemba tulivyotaka sisi, si mwisho wa Machi mlivyotaka nyinyi. Wanasiasa wetu wangeita hiyo maridhiano. Chuma hakijui maridhiano.

Baadaye ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa NRC, yaani jicho lao la ndani, ilichunguza uamuzi ule. Ripoti yake ya Desemba 2002 ilisema uamuzi huo ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara ya pesa. Tena ikasema NRC ilijiwekea kipimo kisicho cha busara: ni kama ilitaka uthibitisho kamili kwamba kuna hatari kabla ya kufunga. Soma tena hapo pole pole. Sheria inataka kinu kithibitishe kwamba ni salama. Kwenye meza ya mazungumzo mambo yakageuka, ikawa mkaguzi ndiye wa kuthibitisha kwamba si salama, na ushahidi wenyewe ulikuwa chini ya rundo la unga ndani ya jengo la yule anayeshukiwa.

Kinu kikazimwa Februari. Machi 2002, mafundi wakiwa wanatengeneza mrija namba 3, mrija ukalegea na kuinama. Haikupaswa kuwezekana, maana ulikuwa umeshikwa na chuma kinene kuliko urefu wa kalamu. Wakaondoa unga. Chuma hakikuwepo. Asidi ilikuwa imekila chote, shimo la sentimita 13 kwa 18 hivi, hadi kwenye ile ngozi ya ndani. Kilichokuwa kinazuia presha yote kilikuwa ngozi isiyofika sentimita 1, na haikuwekwa pale kubeba presha. Ilikuwa imeshaanza kubenuka.

Wueh.

Ingepasuka, je? Vinu vina mifumo ya dharura ya kumwaga maji ya kupoza, kwa hiyo si lazima ingekuwa maafa. Lakini baada ya kufunga, walipoanza kukagua kila kitu kwa macho mapya, waligundua kwamba hata mifumo hiyo ya dharura ilikuwa na kasoro: vyujio vya maji chini ya jengo vingeweza kuziba kwa takataka, na pampu za presha ya juu zingeweza kuharibiwa na takataka hizo hizo. Kwa hiyo akiba waliyodhani wanayo ilikuwa na matundu yake.

Hapo ndipo lilipoanza jibu la pili la Davis-Besse kwa mkaguzi, na hili halikuwa la barua. NRC iliiweka kampuni chini ya jopo maalumu la usimamizi. Kosa likapewa rangi nyekundu, ya juu kabisa kwenye mfumo wao wa kijani, nyeupe, manjano na nyekundu. Wakuu wakabadilishwa. Kifuniko kipya kikanunuliwa kutoka kinu cha Midland, Michigan, ambacho hakikuwahi kukamilika. Wafanyakazi wakahojiwa kama wanaogopa kusema wakiona tatizo. Mikutano ikafanywa na wananchi wa pale. Kinu kilikaa kimya miaka miwili, hadi Machi 2004, na gharama ikafika karibu dola milioni 600. Mwaka 2005 NRC ikatoza faini ya dola milioni 5.45, na Januari 2006 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 28 kwa serikali ikikiri kwamba wafanyakazi wake walimdanganya mkaguzi. Kumbuka walikuwa wanaokoa wiki chache tu.

(Kampuni mama hiyo hiyo ilikuja kuhusishwa na hongo ya karibu dola milioni 60 iliyolipwa ili bunge la Ohio lipitishe sheria ya 2019 ya kuviokoa kifedha Davis-Besse na kinu kingine. Spika wa bunge hilo alifungwa miaka 20. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Sasa nyumbani. Kenya tulipitisha Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia 2019, ikaunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Mwaka huo huo Sheria ya Kawi ikaunda wakala wa NuPEA, wa kuendeleza mpango wenyewe. Kutenganisha anayejenga na anayekagua ni jambo zuri, na wanaosema hatuna sheria kabisa hawajasoma. Lakini Marekani nayo ilikuwa imetenganisha, tangu 1975, na wataalamu ikawa nao kwa maelfu.

Swali langu liko kwenye stima. Ohio iliweza kuzima Davis-Besse miaka miwili na taa za Toledo zikaendelea kuwaka, kwa sababu gridi yao imeungana na majimbo mengi na vituo vingi vilikuwepo vya kujaza pengo. Sisi mahitaji yetu ya nchi nzima, ile saa ya jioni kila mtu amewasha, ni zaidi kidogo ya megawati 2,000. Kinu kimoja kikubwa cha megawati 1,000 kingekuwa karibu nusu ya hapo. Hebu mfikirie mkaguzi wa Kenya akiwa na rasimu ya amri mkononi. Akiituma, nusu ya nchi gizani, simu zinaanza kulia, na uchaguzi uko karibu. Yule wa NRC alikuwa na hasara ya kampuni moja tu mbele yake, na bado hakutuma.

Kwa hiyo mkienda kwenye vikao vya kushirikisha umma, kule Siaya ama kokote kwingine, msiulize tu kama ni salama. Mtaambiwa ndiyo. Ulizeni ni nani atatia sahihi amri ya kufunga, na nani anaweza kumfuta kazi mtu huyo kesho yake. Ulizeni siku kinu kikizimwa stima itatoka wapi, na bili itaongezwa nani. Ulizeni kama picha za ukaguzi zitawekwa wazi, ama tutaonyeshwa barua.

Davis-Besse bado kinafanya kazi. Leseni yake iliongezwa 2015 na inaenda hadi 2037. Na kile kifuniko cha Midland? Mwaka 2010 walikizima kubadilisha fueli, wakakagua kifuniko, wakakuta mirija imeanza kupasuka tena, miaka sita tu baada ya kuwasha. Safari hii hakukuwa na shimo. Walitengeneza mirija iliyopasuka, na 2011 wakazima mapema kuliko ilivyopangwa awali, wakaweka kifuniko kingine kipya.