Vishikilio vya Mabomba na Mlipuko wa Flixborough, 1974

Kishikilio cha bomba kiwandani kina kazi mbili: kubeba uzito wa bomba pamoja na kilichomo ndani yake, na kulizuia lisisogee pale shinikizo la ndani linapolisukuma. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyosahauliwa katika kiwanda cha Nypro, Flixborough, mashariki mwa Uingereza, na watu 28 wakapoteza maisha.

Kiwanda hicho kilitengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni, kutokana na saikloheksani, kimiminika kinachoshika moto upesi kama petroli. Saikloheksani ilipita katika vinu sita vilivyopangwa kwa kushuka, kila kimoja kikiwa chini kidogo ya kilichokitangulia, kwa joto la nyuzi 155 za Selsiasi na shinikizo linalokaribia mara tisa ya lile la hewa. Kati ya kinu na kinu palikuwa na mvukuto, yaani kiungo cha chuma chenye mikunjo kinachonyumbuka mtambo unapotanuka kwa joto. Mwishoni mwa Machi 1974 kinu cha tano kilikutwa na ufa, kikaondolewa, na pengo lake likaunganishwa kwa bomba la muda la inchi 20, ingawa matundu ya vinu yalikuwa ya inchi 28. Kwa kuwa kinu cha nne na cha sita havikuwa katika usawa mmoja, bomba lililazimika kuwa na kona, na mchoro wake pekee ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana.

Bomba hilo liliwekwa juu ya vyuma vya jukwaa, vile vile ambavyo mafundi ujenzi hukanyagia. Vyuma hivyo viliweza kubeba uzito wake, lakini havikuwa na kitu cha kulizuia lisiinuke wala lisiyumbe, ilhali shinikizo lilisukuma kila ncha kwa nguvu ya zaidi ya tani 30, na kwa sababu ya kona misukumo hiyo haikukutana katika mstari mmoja, bali ililipinda bomba na kuielemea mivukuto. Jaribio lililofanywa lilitafuta uvujaji tu, tena kwa shinikizo lililo chini ya lile la kufungua vali za usalama. Mtambo ulipowashwa bomba lilionekana kuinuka kidogo kutoka kwenye vyuma vyake. Hakuna dalili iliyostahili kusimamisha kazi kuliko hiyo, kwa maana bomba lililoachana na kishikilio chake limekwisha kuhamishia mzigo mahali pengine; lakini kazi iliendelea, na baadaye bomba likafunikwa kwa vifuniko vya kuhifadhi joto.

Jumamosi tarehe 1 Juni, saa 10:53 jioni, wingu la mvuke lililovuja lililipuka. Kati ya waliokufa, 18 walikuwa katika chumba cha kuongozea mitambo. Siku ya kazi ya kawaida wangekufa wengi zaidi.

Tume iliyoongozwa na Roger Parker ilitoa ripoti mwaka 1975, ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kuvunjika kwa bomba hilo la muda, maelezo ambayo baadhi ya wahandisi waliyapinga kwa miaka mingi. Pendekezo lake halikutegemea ubishi huo: badiliko lolote la mtambo lisanifiwe, lijengwe, lijaribiwe na litunzwe kwa viwango vile vile vya mtambo wenyewe.